Wasomaji Wauliza: Taarifa Tulizoipa Serikali Zinalindwa na Nani?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinagusa jambo moja: hofu ya raia aliyeipa serikali jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, makazi, picha na alama za vidole, kisha akasikia kwamba taarifa za watu kama yeye zimevuja. Tumechagua barua sita. Zilizobaki zinafanana na hizi, isipokuwa chache zilizotutaka tutaje ofisi fulani kwa jina kwa sababu ya ugomvi wa mtu na mtu, nazo tumeziweka kando.

Ndugu Mhariri, kila mara taarifa zinapovuja kutoka ofisi za umma tunaambiwa kuwa ni kazi ya wadukuzi hodari wasiozuilika. Je, ni kweli, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?
*Msomaji mwenye mashaka*

Wadukuzi wapo, na baadhi yao ni hodari kweli. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba walikuwa wameingia katika mifumo ya ofisi inayosimamia watumishi wa umma na kuchukua taarifa za watu milioni 21.5, zikiwemo fomu ndefu ambazo waombaji wa kazi nyeti hujaza kuhusu madeni yao, ndugu zao na watu wanaowafahamu. Mtu anayelinda mifumo ya aina hiyo ana kazi ngumu, na si haki kumlaumu kana kwamba aliuacha mlango wazi kwa makusudi.

Hata hivyo, mashaka yako yana msingi, kwa sababu baadhi ya hasara kubwa kabisa hazikuhitaji mdukuzi yeyote. Oktoba 2007, mtumishi wa ngazi ya chini katika idara ya kodi na forodha ya Uingereza alitakiwa kupeleka taarifa za malipo ya watoto kwa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Alizinakili zote katika diski mbili, akazituma kwa huduma ya kawaida ya kusafirisha barua za ofisi, bila kusajiliwa, na hazikufika. Ndani yake mlikuwa na majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa na, kwa wengi, namba za akaunti za benki, vyote vikihusu watu milioni 25 wa familia zipatazo milioni 7.25. Diski zililindwa kwa neno la siri tu, bila yaliyomo kugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka. Novemba mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alilazimika kusimama bungeni na kulieleza taifa, na mkuu wa idara hiyo akajiuzulu.

Kinachoniudhi zaidi katika mkasa huo si kupotea kwa diski, kwani vitu hupotea. Ni kwamba wakaguzi walikuwa wamekwisha kuomba ziondolewe anwani na taarifa za benki, ambazo hawakuwa na haja nazo, wakajibiwa kwamba kuzichambua kungeleta gharama za ziada. Kwa hiyo taarifa za siri za mamilioni ya watu ziliwekwa safarini kwa sababu tu ilikuwa nafuu kutuma kila kitu kuliko kutuma kinachotakiwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2006, kompyuta ya mkononi na kifaa chake cha kuhifadhia kumbukumbu viliibwa nyumbani kwa mtumishi wa idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, navyo vilikuwa na taarifa za watu wapatao milioni 26.5. Vilipatikana mwezi uliofuata, na wapelelezi wakasema hakukuwa na dalili kwamba taarifa zilifunguliwa. Huenda mwizi alikuwa akitafuta kompyuta tu, asijue alichobeba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ofisi ikikuambia kwamba imedukuliwa, maswali ya kuuliza ni haya: ilikuwa na sababu gani ya kukusanya taarifa hizo, kwa nini ilikuwa bado inazo, na kwa nini zilisomeka zilipoangukia mikononi mwa mwingine. Kampuni binafsi isipojibu vizuri, mteja anaweza kuihama. Raia hana serikali ya pili ya kuhamia, na alipotoa taarifa zake hakuwa na hiari ya kukataa, hivyo wajibu wa kuzilinda hauwezi kurudishwa mabegani mwake kwa tangazo la kumtaka awe mwangalifu.

Mhariri, mimi ni mstaafu. Namba yangu ya utambulisho imeandikwa katika fomu nyingi kiasi kwamba siwezi kuzihesabu. Je, kuificha sasa kuna faida yoyote, au maji yamekwisha kumwagika?
*Mzee msomaji*

Shikamoo mzee wetu. Kuipunguzia safari kuna faida, na usiiandike pale ambapo hakuna anayeweza kukueleza inahitajika kwa nini. Lakini niruhusu niseme kwamba ofisi nyingi hulitazama jambo hili kwa upande usio wake, na kisa cha zamani kitatusaidia.

Mwaka 1938 kiwanda cha pochi huko Lockport, katika jimbo la New York, kiliweka kadi ya mfano ya hifadhi ya jamii ndani ya pochi zake, ili mnunuzi aone jinsi kadi inavyoingia. Namba iliyochapwa juu ya kadi hiyo ilikuwa namba halisi ya katibu wa ofisi ya kiwanda. Kadi ilikuwa na neno la kuonyesha kuwa ni kielelezo, ilikuwa ndogo kuliko kadi halisi na ilichapwa kwa rangi nyingine, lakini wanunuzi kwa maelfu waliichukulia kuwa yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia namba hiyo, na kwa miaka yote watu zaidi ya 40,000 waliripotiwa kuwa nayo. Mwenye namba alipewa nyingine, na ile ya kwanza ikafutwa. Bado mwaka 1977 walikuwapo watu kumi na wawili walioishikilia.

Watu hao hawakuwa wezi. Walionyesha tu, bila kukusudia, kwamba namba inaweza kutaja mtu bila kuthibitisha kwamba anayeitamka ndiye mwenyewe. Jina lako hufanya kazi hiyohiyo, na hakuna ofisi ambayo ingekupa mkopo kwa sababu tu umelijua jina la fulani. Hatari ilianza pale ofisi za serikali, na baadaye mabenki, zilipoigeuza namba inayojulikana na makarani, waajiri, hospitali na shule kuwa ufunguo wa siri. Kitu kinachojulikana na watu elfu moja hakiwezi kuwa siri kwa sababu tu kanuni ya ofisi imekiita siri.

Korea Kusini ililipa gharama ya kosa hilo kwa kiwango ambacho nchi chache zimekifikia. Namba yake ya usajili wa wakazi, yenye tarakimu 13, ilibeba ndani yake tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la usajili, ikadaiwa karibu kila mahali, hadi katika kufungua akaunti za tovuti. Baada ya kuvuja mara kwa mara, ikiwemo mwaka 2014 ambapo taarifa za mamilioni ya wateja wa kadi za benki zilichukuliwa na mfanyakazi wa kampuni ya kumbukumbu za mikopo, mambo yalibadilishwa hatua kwa hatua: mwaka huohuo ilipigwa marufuku kuidai namba hiyo bila sheria inayoruhusu, mwaka 2017 raia walioweza kuonyesha madhara wakaruhusiwa kubadilishiwa, na tangu Oktoba 2020 namba mpya hazionyeshi tena eneo la usajili.

Kuna na lile la maswali ya usalama, yale ya kukutaka utaje anwani yako ya zamani au benki yenye mkopo wako. Mwaka 2015 mamlaka ya kodi ya Marekani iligundua kwamba wezi walikuwa wakijibu maswali hayo kwa usahihi kabisa, kwa kutumia taarifa walizokwisha kuzipata kwingine, na hivyo kufungua kumbukumbu za kodi za watu. Hesabu ilipokamilika, akaunti zilizohusika zilikuwa zaidi ya 700,000. Mwizi alifaulu mtihani ambao wenye akaunti wenyewe pengine wangeufeli, maana si kila mtu anakumbuka anwani ya miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo, mzee wetu, maji yakiwa yamemwagika au la, dai lako kwa ofisi lisiwe kwamba iifiche namba yako. Liwe kwamba namba peke yake isimfungulie mtu chochote. Mamlaka hiyohiyo ya kodi sasa humpa mlipakodi anayetaka namba ya siri ya ziada inayobadilika kila mwaka, na tangu 2021 mlipakodi yeyote anayeweza kuthibitisha kuwa ndiye anaweza kuiomba. Namba ya aina hiyo ikivuja, madhara yake yana mwisho.

Mimi sina cha kuficha. Kwa nini nihangaike?
*Mtu wa wazi*

Mwizi wa utambulisho hana haja na siri zako. Anatafuta jina safi, lisilo na deni wala kesi, la mtu asiyefuatilia mambo. Kadiri ulivyo mwadilifu na mtulivu ndivyo jina lako linavyomfaa. Mwaka 2008 mtangazaji maarufu wa televisheni wa Uingereza, Jeremy Clarkson, alizidharau kelele za zile diski mbili kwa kuchapisha gazetini taarifa za akaunti yake mwenyewe, akidai kwamba hakuna anayeweza kuzitumia isipokuwa kumwekea fedha. Mtu asiyejulikana alizitumia kumwandikisha mchango wa pauni 500 kwa shirika la hisani, na Clarkson akaandika tena kukiri kwamba alikosea. Alibahatika kwamba aliyemfundisha alikuwa na moyo wa huruma.

Ninafanya kazi katika ofisi ya umma. Tunatumia neno la siri moja watu watano ili kazi isikwame mmoja wetu anapokuwa likizo, na mara nyingine tunatumiana picha za vitambulisho vya wananchi kwa simu zetu wenyewe. Bosi anajua. Je, kuna ubaya?
*Karani*

Asante kwa ujasiri wa kuuliza. Ubaya upo, na wewe ndiye wa kwanza kuumia. Siku taarifa za mwananchi zitakapouzwa, mfumo utaonyesha jina moja tu, la mwenye neno hilo la siri, na hakuna hata mmoja kati yenu watano atakayeweza kuthibitisha kwamba si yeye. Kumbukumbu ya nani alifungua faili lipi na saa ngapi ndiyo inayomlinda karani mwaminifu; mkiivuruga kwa kuchangia neno la siri mnaivunja kinga yenu wenyewe.

Kuhusu picha zilizo katika simu zenu, fikirieni mahali zinapokwenda. Zinabaki katika simu ya mtumaji, katika simu ya mpokeaji, katika hifadhi ya intaneti ambayo simu nyingi hupeleka picha bila mwenyewe kuelewa, na katika kundi la mazungumzo ambalo hata mtumishi aliyeacha kazi huenda bado yumo. Ofisi haiwezi kuzifuta kwa sababu haijui ziko wapi. Mara nyingi wezi hawahitaji kuvunja mfumo wowote, kwani kuna mtumishi mwenye ruhusa halali ambaye hutazama faili lisilomhusu kwa fedha kidogo, kwa udadisi au kwa kumfurahisha rafiki, na ofisi isiyotunza kumbukumbu za utazamaji haitamjua kamwe.

Kama kazi hukwama kwa sababu mtu mmoja yuko likizo, dawa yake ni kila mtumishi kuwa na ruhusa yake mwenyewe kwa kadiri ya kazi yake. Mwandikie bosi ombi hilo kwa maandishi, kwa lugha ya adabu, ukieleza kwamba utaratibu wa sasa unaihatarisha ofisi, na ubaki na nakala. Najua kwamba kumwandikia bosi si jambo jepesi, na huenda likakugharimu tabasamu lake kwa wiki kadhaa, lakini barua hiyo huenda siku moja ikawa ndiyo tofauti kati yako na mshtakiwa.

Je, alama za vidole si suluhisho? Hakuna anayeweza kuniibia kidole.
*Kijana wa teknolojia*

Kidole hakiibiwi, ila nakala ya alama yake iliyohifadhiwa katika kanzidata inaweza kuibiwa, na imekwisha kutokea. Katika tukio la 2015 nililolitaja mwanzoni, miongoni mwa vilivyochukuliwa mlikuwa na alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6, hesabu ya awali ilikuwa milioni 1.1, kisha ikapandishwa, jambo linalotufundisha kutoyaamini sana matangazo ya wiki ya kwanza. Neno la siri likivuja utalibadilisha jioni hiyohiyo, lakini vidole vyako utakufa navyo.

Haimaanishi kwamba alama za vidole zikataliwe. Zinapotumiwa kuthibitisha kwamba anayeshika kadi ndiye mwenye kadi, huku alama ikibaki ndani ya kadi yenyewe, hasara ya kadi moja ni hasara ya mtu mmoja. Zikilundikwa zote mahali pamoja, hasara ni ya taifa zima. Tofauti hiyo huamuliwa wakati mfumo unapobuniwa, na baada ya hapo ni vigumu mno kuirekebisha, kwa hiyo maswali yako, kijana, yaulize kabla zabuni haijatolewa.

Mheshimiwa Mhariri, nimepokea barua ya kudaiwa mkopo ambao sikuuchukua. Aliyeuchukua alikuwa na jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa na namba yangu ya utambulisho. Nina watoto wawili na sasa nawahofia hata wao. Nianzie wapi, na je, nina haki ya kujua taarifa zangu zilitoka wapi?
*Mama mwenye wasiwasi*

Pole sana, mama. Kwanza kabisa, usilipe hata kiasi kidogo kwa nia ya kutuliza mambo, kwa sababu malipo yanaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali deni. Mwandikie aliyekudai leo, kwa maandishi na si kwa simu tu, ukilikana deni na kumtaka akupe nakala ya fomu ya mkopo, kitambulisho kilichotumika, namba ya simu na akaunti iliyopokea fedha. Kisha kafungue taarifa polisi na upate namba ya kumbukumbu, kwa kuwa mabenki mengi hayatashughulikia lalamiko lako bila hiyo. Hatua ya tatu ni taasisi inayotunza kumbukumbu za mikopo: omba ripoti yako, uone kama kuna madeni mengine usiyoyajua, uombe lile la uongo liwekewe alama ya kubishaniwa na, pale utaratibu unaporuhusu, mikopo mipya kwa jina lako isimamishwe hadi utakapoifungua mwenyewe. Ulizia pia kampuni za simu ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako, maana laini ndiyo inayopokea ujumbe wa uthibitisho wa benki, na mwenye laini ana nusu ya ufunguo. Kila unayezungumza naye andika jina lake, tarehe na alichokuahidi. Kazi hii inachosha, na inaudhi kwamba mzigo wa kuthibitisha umeangukia kwako wewe uliyeibiwa, lakini karatasi zilizopangwa vizuri zitafupisha njia.

Kuhusu watoto, hofu yako ina sababu. Namba ya mtoto humfaa mwizi kwa kuwa haina historia yoyote na hakuna anayeichunguza mpaka mtoto atakapokua na kuomba mkopo wake wa kwanza. Nchini Marekani, tangu Septemba 2018, mzazi anaweza kufunga bila malipo kumbukumbu za mikopo za mtoto aliye chini ya miaka 16. Pale ambapo utaratibu huo haupo, liulizie jina la mtoto katika taasisi hiyohiyo ya kumbukumbu unapoulizia lako, na kila shule au ofisi inayotaka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa iombe itazame cheti halisi na kukurudishia. Ikisisitiza kubaki na nakala, andika juu ya nakala hiyo, kwa kalamu na kwa mstari unaopita katikati ya maandishi, tarehe na kazi iliyokusudiwa.

Swali lako la mwisho ndilo ambalo wengi hawaliulizi. Nchi nyingi sasa zina sheria inayompa mtu haki ya kujua ofisi ina taarifa gani kumhusu na imezigawa kwa nani. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni yake Mei 2018, Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kanuni ya Ulaya na sheria ya Kenya zinaitaka ofisi iliyovujisha taarifa zenye kuweza kuleta madhara iijulishe mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi ndani ya saa 72. Sheria hizi zina misamaha, hasa kwa usalama wa taifa na upelelezi, na ofisi za umma huipenda misamaha hiyo kuliko inavyostahili. Estonia imekwenda mbele zaidi: raia anaweza kuingia katika tovuti ya serikali na kuona mwenyewe ni taasisi zipi zilizozitazama taarifa zake katika mifumo mingi ya umma, na akiona utazamaji asiouelewa anaweza kudai maelezo.

Pale usipoweza kujionea mwenyewe, andika barua. Ielekeze kwa mkuu wa ofisi unayoishuku, na nakala kwa mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi kama nchi yako inayo. Taja jina lako, namba ya kumbukumbu ya polisi na kipindi unachokishuku, kisha uliza mambo mawili tu: nani alilifungua faili langu katika kipindi hicho, na ofisi gani nyingine ilipewa nakala. Omba jibu la maandishi, taja siku ambayo sheria inawapa kujibu, na barua yako igongwe muhuri wa mapokezi kabla hujaondoka dirishani.